Njia Iliyobaki Wazi

Kilichoanza ni kikohozi. Abdulfatah alikuwa na kikohozi chake chepesi, lakini kilichotoka bafuni asubuhi ile kilikuwa kizito, cha mzee, mara tatu, kama mtu anayebisha hodi. Kisha ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Kufikia Ijumaa hakuwa akimtambua mkewe, Khamisa.

Khamisa alijua ni jini, hakungoja. Binti yao Nisreen alikuwa amekuja kwao Hurlingham kukaa arobaini ya uzazi. Akamrudisha Kangemi kwa mumewe, yeye na kichanga chake. Chumba kilikuwa kidogo, lakini jini halikuwa limefika huko.

Maalim Idarus, msomaji wa kutoa majini, alikuwa mjini, miguu imevimba, hawezi kupanda ngazi. Akakubali kusoma kwa video. Nisreen ndiye aliyepanga kila kitu kwa simu, akiwa kitandani.

"Intaneti ya Maalim ni hafifu, inabeba picha kwa mtu mmoja tu," alimweleza mamake. "Atakutumia wewe, halafu kompyuta yako inipokeze mimi. Hakuna mtambo katikati. Ni kama watu wanavyopokezana ndoo za maji."

"Na wewe unatafuta nini huku? Una mtoto mchanga."

"Nimwone baba tu, mama."

Khamisa alikuwa amechoka kubishana.

Alasiri Maalim akatokea kwenye kioo cha kompyuta. "Bi Khamisa, funga kila mahali. Acha njia moja tu. Mgeni hafukuzwi bila kuonyeshwa mlango."

Khamisa akaacha dirisha la jikoni wazi.

Kisomo kikaanza. Abdulfatah akatetemeka, kisha akaunguruma hadi vikombe vikagongana kabatini, na majirani wakatoka kwenye roshani zao kusikiliza, na Khamisa, aliyekuwa amechoshwa na maswali ya ngazini kuhusu mumewe, akakimbia jikoni akalifunga lile dirisha, akarudi akamkandamiza miguu, huku harufu ikizidi, na Maalim akisoma bila kupumzika, mpaka vyote vikakoma kwa pamoja.

Abdulfatah akafumbua macho. "Khamisa, kuna chai?"

Khamisa akaketi sakafuni. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Alhamdulillahi, limetoka," Maalim akasema. "Ulilifungulia wapi?"

Khamisa akatazama mlango. Umefungwa. Akakumbuka dirisha. Nyumba nzima, kilichokuwa wazi ni kompyuta tu.

Kwenye kioo, Nisreen alikuwa akigeuza shingo huku na huku.

"Mama," alinong'ona, "ni nini kinaungua huku?"

"Zima simu, Nisreen. Mchukue mtoto utoke."

"Simu nimeizima, mama. Mbona bado nakuona?"

Khamisa akaifunga kompyuta kwa mikono miwili. Sauti ya binti yake ikaendelea kutoka humo ndani, ikimwita, kisha ikanyamaza.

Halafu mtoto akakohoa. Kikohozi kizito, cha mzee, mara tatu.