Dakika Arobaini na Saba kwa Imogen

"Dakika arobaini na saba," Tegan alisema, akiisukuma simu mezani hadi ikagonga sahani ya mumewe. "Haya, nieleze."

Rohan alikuwa na mkate mdomoni. Akautafuna polepole, kama mtu anayetafuta la kusema.

"Nieleze nini?"

"Ramani yako. Kila ukipanda baiskeli, simu inachora ulikopita. Jumatatu umeshuka kilima, umevuka daraja la mbao, umefika kwa Imogen, mstari ukasimama. Dakika arobaini na saba!"

"Pancha."

"Na Jumatano?"

"Pancha pia. Njia ina mawe, Tegan."

"Na jana? Pancha tatu wiki moja, zote mlangoni kwa mwanamke mmoja. Hizo tairi zina adabu kweli kweli."

Zamani Rohan angecheka. Safari hii alinyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono ukakigonga, chai ikasambaa mezani. Akainuka kutafuta kitambaa, na tangu hapo hakumtazama tena mkewe usoni.

Katika bonde lile la wafugaji, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Tasmania, hakuna asiyemjua Imogen. Ni mpima macho, anaishi peke yake kwenye nyumba ya mabati mekundu ng'ambo ya mto, na chumba chake cha kupimia kiko humo humo nyumbani. Watu wanajua na lile jingine pia: kabla ya Tegan, Imogen alikuwa mchumba wa Rohan kwa miaka miwili.

Rohan ni mwongoza waendesha baiskeli. Wageni hutoka Sydney na Melbourne na baiskeli zao za bei mbaya, naye huwapitisha kwenye vijia vya vilimani, msituni chini ya mikangaga mirefu kama minazi, kisha malishoni mpaka mtoni. Tegan na baba yake wanakamua ng'ombe mia mbili upande wa pili wa kilima. Tegan na Rohan wana miaka sita ya ndoa, bila mtoto.

Asubuhi ile ile Tegan aliingia duka la mikate la rafiki yake Dot.

"Shoga, mimi sisemi kitu," Dot alisema, akitia pai mbili za nyama kwenye mfuko.

"Dot, wewe ukisema husemi, ndiyo umeshaanza."

"Basi sikiliza. Juzi ulisimama hapo nje, ukampungia mumeo mkono. Alipita karibu yako hivi, mkono angeunyoosha angekugusa. Akapita kama hakujui! Mwanaume anayemkwepa mkewe barabarani, dhamiri inamsuta."

Tegan akaupokea mfuko. Aliliona, na alitumaini hakuna mwingine aliyeliona.

"Jioni hataki tena kuendesha gari," akasema kwa sauti ndogo. "Mpira wa Ijumaa haendi. Nikitaja mtoto, ananiambia bado. Miezi na miezi, Dot. Bado, bado."

"Haya. Jumlisha mwenyewe."

Akajumlisha. Alijumlisha mchana kutwa akiwa kati ya ng'ombe, na kila alipofika mwisho alimkuta Imogen.

Jioni, Rohan akiwa anaoga, simu yake ikawaka juu ya kabati: ujumbe wa Imogen. Tegan hakuwa mwanamke wa kupekua simu za watu. Akaisoma hivyo hivyo.

*"Kesho saa kumi na mbili kamili, pale kwenye mikangaga. Ni mara ya mwisho, Rohan. Baada ya hapo mwambie mkeo, la sivyo nitamwambia mimi."*

Akairudisha simu ilipokuwa. Kisha akaenda kupakua chakula.

"Kesho nitaamka mapema," Rohan alisema walipokuwa wakila. "Nikague njia kabla wageni hawajafika."

"Peke yako?"

"Na nani tena?"

"Nauliza tu, mume wangu."

Jumamosi, Rohan alipofunga tu mlango, Tegan alimpigia baba yake.

"Baba, leo kamua mwenyewe."

"Unaumwa?"

"Sijajua bado. Nitajua baada ya saa moja."

Akatoa baiskeli yake kuukuu, akaisukuma kwa njia ya mkato ya juu ya malisho. Ukungu ulikuwa mzito, majani yamelowa, viatu vikajaa maji. Njiani alishajipangia maneno yote: ya Imogen ya kumkata maini, ya Rohan machache, maana nguo zake angezikuta nje.

Alipofika kwenye mikangaga akasikia kengele. Kengele ya ng'ombe, ikilia kwa kuruka ruka, na sauti ya Imogen juu yake:

"Kushoto! Mzizi! Mzizi mwingine! Sasa shusha uzito, kona kulia... breki, Rohan, breki!"

Imogen akatokea ukunguni juu ya baiskeli, kengele imefungwa chini ya kiti. Nyuma yake Rohan, shingo imenyooka, akifuata sauti. Wakasimama hatua mbili kutoka alipokuwa Tegan. Tegan akatoka kwenye majani, akasimama ubavuni mwa mumewe, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, akasubiri ashtuke.

Rohan hakushtuka. Hakugeuka kabisa.

"Nimekosa kona ngapi?" akamuuliza Imogen.

Imogen alikuwa amemwona Tegan. Mdomo ukabaki wazi.

"Mbona kimya? Ni nyingi? Sikiliza, niache niongoze leo tu. Wageni ni tisa, njia nimeikariri. Tegan asijue kwanza. Nitamwambia, naapa, ila si leo."

Maneno yote aliyoyapanga Tegan yakamtoka kichwani.

"Rohan," akasema, "niko hapa."

Rohan akageuza kichwa, akapitiliza, akarudi, akitafuta kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba asichokijua. Macho yalipompata, uso ukasawijika.

"Tangu lini umesimama hapo?"

"Tangu mwanzo. Tangu lini huoni?"

"Mbele naona. Pembeni... pembeni kumekwisha. Jioni ni giza tupu."

"Miezi minane," Imogen alisema. "Alikuja kutaka miwani. Nikampima, nikamwambia hii si ya miwani."

Tegan akamgeukia kama chui.

"Na wewe mpima macho! Unajua haoni, unamwacha aongoze watu?"

"Kila akisimama kwangu tunabishana, namwambia aache. Kila wiki ananiomba wiki moja. Nimekosea, Tegan. Leo ningekuja kwako, haki ya Mungu."

Tegan akawaza, kisha akauliza kwa upole uliotisha zaidi ya kelele:

"Yule mama wa Melbourne aliyevunjika bega mwezi uliopita. Ulisema ni bahati mbaya."

Rohan aliinamisha kichwa.

"Kulikuwa na gogo. Sikuliona. Nikapita pembeni yake kwa bahati, yeye nyuma yangu akalivaa."

"Wageni wanafika saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Utamwambia bosi wako Garth wewe, au nimwambie mimi?"

Saa tatu wageni walikuwa tayari kwenye uwanja wa kampuni, wakijaza tairi upepo, msichana wa miaka kumi na miwili akifungwa kofia ngumu na baba yake. Rohan akamwita Garth, mwenye kampuni, kando ya gari. Tegan alisimama mbali kidogo. Kila neno lilimfikia.

"Unanitania, mwanangu?" Garth aliuliza.

"Sikutanii. Na lile bega la yule mama ni kosa langu."

"Miezi minane! Miezi minane nakukabidhi watoto wa watu!" Garth alivua kofia, akaivaa tena. "Ningekutafutia kazi nyingine, Rohan. Ya kutengeneza njia, ya karakana. Ulichotakiwa ni kusema. Nenda nyumbani. Sina maneno sasa hivi, na nikiyapata yatakuwa mabaya."

Akapanda baiskeli mwenyewe, akawaongoza wageni kilimani. Rohan akabaki anasikiliza sauti ya minyororo ikififia.

Nyumbani alikaa mezani, mikono magotini.

"Ungeniacha, kama ningekuwa na Imogen?"

"Mchana huu huu. Wiki tatu nanusa mashati yako, Rohan! Dot ananihurumia huku ananipa pai. Kwa nini?"

"Niliogopa utabaki kwa huruma."

"Huruma? Mimi nakamua ng'ombe mia mbili kabla jua halijatoka. Huruma nitaitoa wapi?"

Rohan nusura acheke, ikageuka kilio. Tegan akamwacha alie.

"Kuna jingine," akasema alipotulia. "Mama yangu hakupofuka kwa kisukari. Nilikudanganya. Ni ugonjwa huu huu, wa kurithi. Mtoto wetu anaweza kuupata."

Nje ng'ombe mmoja alilia, hakuna aliyeinuka.

"Kwa hiyo ile bado, bado..."

"Ndiyo hii."

"Ukaamua peke yako. Mtoto ni wa wawili, wewe ukaamua peke yako."

"Nilikosa. Nisamehe, mke wangu."

"Sijafika huko. Jumanne tunaenda mjini Launceston kwa daktari. Naendesha mimi, nauliza mimi, na la mtoto tutaliamua wote, hata likiwa gumu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Tegan alikuwa amekaa ubavuni kwake, kiti kwa kiti. Akamtazama anavyosema huku ameuelekea ukuta.

"Hapa nilipo, unaniona?"

"Hapana. Upande huo hakuna kitu."

Tegan akainuka, akabeba kiti chake, akaizunguka meza, akakiweka ng'ambo, wakatazamana uso kwa uso. Akaivuta mikono ya mumewe juu ya meza, akaishika.

"Na sasa?"

"Sasa nakuona."

"Vizuri," Tegan alisema. "Maana bado nina hasira, na nataka uione."