Nyambizi Aliyoiacha Kaka

Zulia lilikuwa limelowa mbele ya televisheni tu, na lilinuka tope la chini ya maji. Fundi friji alikagua dari, akakagua bomba, asione kitu. Akasonya, akakaa, akaendelea na mchezo wake wa video.

Nyambizi ya kwenye mchezo huo aliiunda kaka yake, akiokota madini baharini kwa vidole vya mgonjwa, hadi wiki aliyofariki. Mjane wa kaka huyo alipenda kushona huku akiitazama. Picha za mumewe alikuwa bado hajaweza kuzitazama.

"Shemeji, umeshuka na taa umeziacha zinawaka."

"Naokota chuma mara moja."

"Mwenzio alikuwa hashuki bila kuzima."

"Kwani mimi sijui kuendesha?"

"Unajua. Kama mwizi wa magari."

Wakacheka. Ndipo kikasikika kishindo. Kwenye kioo, viumbe virefu, vyeupe, visivyo na macho, vilikuwa vimeizingira nyambizi vikiibana. Fundi aliogelea kwa kasi, akavichoma kisu; wapi! Bati lilipasuka, taa zikazimika. Kwa kiwewe akabonyeza kuhifadhi, badala ya kurudi nyuma.

"Rudisha basi, tuanze pale kabla hujashuka."

"Nimehifadhi."

"Umehifadhi nini?"

"Hivyo hivyo ilivyo. Imekwenda, shemeji."

Mjane aliinamia cherehani bila kushona. Fundi akakibwaga kidhibiti cha mchezo, akaipigia televisheni kelele: "Mashetani nyie! Irudisheni! Iendesheni hata wenyewe, ilimradi irudi!"

Injini ikanguruma.

Kutoka gizani nyambizi ilikuja taratibu, nzima, bila mkwaruzo, ikakata kona kwa upole ule ule wa marehemu, na kadiri ilivyosogea ndivyo harufu ya tope ilivyopanda na zulia lilivyozidi kulowa chini ya nyayo zao, mpaka ikasimama mbele ya kioo, na kutoka ndani yake mtu akakohoa, kikohozi ambacho nyumba hii ilikisikiliza kwa miezi.

"Ni yeye," mjane alinong'ona.

"Shemeji, mchezo huu hauna mtu mwingine."

"Kwani wewe husikii?"

"Nasikia. Ndiyo maana nakuomba, usifungue mlango."

Lakini kidhibiti kilikuwa tayari mkononi mwa mjane. Akabonyeza.

Mlango wa nyambizi haukutikisika. Uliofunguka ni wa chumba alimougulia marehemu, nyuma yao, na maji yakaanza kuingia sebuleni.