Ubeti wa Tatu wa "Nipime Tena"

"Wapigie uwaambie ya Nehemiah ndiyo kiboko," Jentrix, muuza nyanya wa kibanda cha jirani, alisema huku akiongeza sauti ya redio kwa mkono uliojaa vumbi la nyanya. "Bibi harusi hawezi kunyamaza bana."

"Wacha waseme wenyewe," Edinah akamjibu. "Mimi nina suruali ya kumaliza."

Suruali yenyewe ilikuwa ya Nehemiah, kitambaa cha kijivu, ya kuvaa siku ya harusi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi hapo sokoni Kamukuywa. Kesho yake mchungaji angesoma tangazo la tatu la ndoa yao, na baada ya hapo zingebaki siku sita tu mjane Edinah aitwe mke wa mtu tena.

Redio ilikuwa ya Kitale, na mtangazaji Linah alikuwa amewauliza wasikilizaji swali moja tangu saa tatu: je, wimbo uliorudiwa na mtu mwingine unaweza kuushinda ule wa kwanza? Wimbo waliokuwa wakigombania ni "Nipime Tena", wa mwanaume anayemwomba fundi wa nguo ampime. Wa kwanza aliuimba Wakoli, marehemu mume wa Edinah. Wa pili ameuimba Nehemiah mwaka huu, na kutoka Webuye mpaka Kitale hakuna duka ambamo huusikii.

Mtu wa kwanza kupiga alijitaja Kipngeno wa Kiminini. Alisema Wakoli aliimba kama mtu anayewasomea watu notisi ya chifu, lakini Nehemiah anaimba kama mtu aliyefiwa. Mama mmoja, Nyaruai, akaongeza kwamba hata maharagwe ya kupashwa moto asubuhi huwa matamu kuliko ya jana jioni.

Mzee Gikonyo akapiga kumjibu.

"Ni matamu, sikatai," alisema. "Lakini anayepasha asiseme ni yeye alipanda."

Jentrix akacheka mpaka nyanya zikamponyoka. Edinah hakucheka. Alijua jambo ambalo mzee Gikonyo hakulijua. Au angalau alifikiri analijua.

Wakoli alikufa miaka mitatu iliyopita, kifua kikimbana wiki mbili tu. Nehemiah alikuwa amempigia gitaa miaka yake ya mwisho, na baada ya mazishi alikuwa akija mara moja kwa mwezi, anakaa kwenye benchi, anauliza kama mjane amekula, anaenda. Mtu wa adabu. Hakuwahi kumgusa hata mkono. Moyo wa Edinah ukaanza kusikiliza hatua zake kabla hazijafika mlangoni, naye akamwambia Mungu habari hiyo kwa aibu.

Kisha miezi minne iliyopita Nehemiah alileta daftari. Jalada limekuwa jeusi kwa moshi, kurasa zimekunjamana, na ndani yake maneno ya "Nipime Tena". Akamwambia kwamba Wakoli alimjia Kitale kwa siri, mwaka ule wa kwanza wa ndoa yao, akamweleza habari za mke wake fundi wa nguo, akamwomba amtungie wimbo.

"Yeye alikuwa na sauti ya kutosha, maneno hakuwa nayo," Nehemiah alisema siku hiyo, macho chini. "Maneno ni yangu, Edinah. Nilikupenda kabla sijakuona. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima."

Edinah alisoma ubeti wa kwanza, machozi yakafunga macho, hakuendelea. Kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba alikuwa amewahi kumuuliza Wakoli, mezani kwao, ni nani amemfundisha maneno kama hayo. Wakoli akamjibu, "Ni mimi na Mungu." Kumbe alimtaja Mungu juu ya uongo.

Tangu hapo aliitoa picha ya marehemu ukutani. Mama mkwe wake, Mama Nabwile, alipompigia kutoka Bumula kumwita kwenye maombi ya ukumbusho kaburini, Edinah alisema ana kazi ya sare za shule. Mama akasema, "Sawa mwanangu. Mlango haujafungwa." Ndipo Edinah alipomkubali Nehemiah.

Sasa redioni Linah alikuwa akimwita Nehemiah mwenyewe kwenye simu.

"Sasa Nehemiah."

"Fiti sana, Linah."

"Umeambia watu wiki hii ati wimbo ni wako tangu mwanzo. Haya, nieleze kitu kimoja. Kuna mabega ubeti wa kwanza, kiuno ubeti wa pili, halafu ubeti wa tatu unarudi mabega tena. Wasikilizaji wanauliza, ulikosa maneno?"

Nehemiah akacheka taratibu, kile kicheko chake cha kubembeleza.

"Hapana. Nilitunga hivyo makusudi. Mwanaume anabeba mara mbili, Linah. Anabeba akienda kutafuta, anabeba akirudi nyumbani. Ndiyo maana mabega yanapimwa mara mbili."

"Hiyo imeingia," Linah akasema, na simu zikaanza kumiminika za kumsifu.

Mguu wa Edinah ukasimama juu ya pedali ya cherehani.

"Umesikia?" Jentrix akamwambia. "Bwana yako ana akili kama ya wakili."

Edinah alikuwa ameona chumba cha studio kule Kitale, miaka kumi na miwili nyuma. Yeye ameketi upande huu wa kioo na mimba ya miezi minane, Wakoli upande ule na vifaa vya kusikilizia masikioni. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili pia. Alipoanza wa tatu alimwona mke wake ameshika tumbo, na kiti kimelowa. Maneno yakamtoka kichwani. Mdomo ukarudi kwenye mabega, basi tu, kwa sababu ndiyo maneno yaliyokuwa karibu. Akamaliza, akavua vile vifaa, wakakimbia hospitali.

Mtoto hakulia. Walimzika Bumula, nyuma ya nyumba ya Mama Nabwile, kaburi la urefu wa mkono.

Hawakurudi studio. Wimbo ukatoka hivyo hivyo na kosa lake, na Wakoli akauimba na kosa hilo miaka yote mpaka akafa, kwa sababu mstari halisi wa ubeti wa tatu ulikuwa wa mtoto. Aliuimba nyumbani jioni nyingi kabla ya siku ile, mkono juu ya tumbo la mke wake. Baada ya siku ile hakuna kati yao aliyeutamka. Edinah alikuwa ameuzika mbali mpaka karibu ausahau.

Alivuta droo ya cherehani, akatoa daftari chini ya Biblia, akafungua ubeti wa tatu ambao hakuwahi kuufikia.

Mabegani. Imeandikwa wazi, wino wa buluu.

Fundi yeyote anajua: ukikata nguo mpya kwa kufuata iliyoshonwa, utafuata hata pale fundi wa kwanza mkasi ulipomteleza.

Akachukua simu, akaandika: "Njoo leo. Suruali iko tayari kujaribiwa."

Jibu likaja mara moja: "Nakuja mpenzi. Umenisikia redioni? Wamekubali nimemshinda."

Nehemiah alifika saa tisa, shati jeupe, viatu vinang'aa. Jentrix alimsalimu shemeji, akamtania kuhusu mabega yake, kisha akauona uso wa Edinah, akakumbuka ana nyanya za kupeleka pahali.

"Mbona hivyo?" Nehemiah akauliza. "Unaumwa?"

"Kaa. Niambie, ule ubeti wa tatu. Ulikuwa hivyo tangu ulipouandika mara ya kwanza?"

"Tangu mwanzo. Si nimeeleza hata redioni?"

"Haukuwahi kuwa na maneno mengine?"

"Edinah, mimi ndiye mtunzi. Nani atajua kuniliko?"

"Wakoli hakukurudishia kitu? Kukwambia hapa tubadilishe?"

"Hata koma hakubadilisha. Alichukua kama nilivyompa."

Edinah alikuwa amemfungulia mlango wa kusema kweli mara tatu, naye mara tatu akaufunga mwenyewe. Akaweka daftari mapajani mwa Nehemiah, akamwambia habari za kile kioo, kiti kilicholowa, na mtoto ambaye hakulia. Alimwambia bila kupandisha sauti. Nehemiah aliangalia daftari, halafu mlango, halafu mikono yake.

"Hili uliliandika lini?" Edinah akauliza.

"Mwaka huu. Mwezi wa pili." Sauti yake tamu ilikuwa imekauka. "Nililiweka juu ya jiko siku kadhaa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nakuja hapa kila mwezi na unaniangalia kama mtu ameleta ujumbe kutoka kwa mwingine. Ningekuja kama Nehemiah tu, ungenipima na Wakoli kila asubuhi. Ningepungua kila asubuhi."

"Kwa hivyo ukaamua umpunguze yeye."

"Nakupenda. Hapo sikudanganya."

"Najua."

"Na ninaimba kumliko. Sema ukweli mbele za Mungu."

Edinah hakuwa mtu wa kusema uongo hata kwa adui.

"Unaimba kumliko," alisema. "Mara ya kwanza nilipokusikia nililia kuliko nilivyowahi kulia kwa sauti yake. Wimbo wa kwanza umeushinda, Nehemiah. Ungekuja ukasema, ni wa rafiki yangu, mimi nimeurudia tu, leo hii ningekuwa nashona nguo yangu kwa furaha."

"Basi tuseme hivyo. Kuanzia leo. Nani anapungukiwa? Wakoli amekufa."

"Mimi. Miezi minne nimemwita marehemu mwongo katika maombi yangu. Picha yake nimeifunika kwa magunia. Kaburini sikwenda. Nilimzika mara ya kwanza na watu wakanishika mikono. Hii ya pili umenifanya nimzike peke yangu, tena kwa hasira."

Nehemiah akaanza kulia. Edinah akaikunja suruali ya kijivu, akaifunga kwa gazeti, akampa.

"Kesho utamwambia mchungaji nini?" Nehemiah aliuliza akiwa mlangoni.

"Kesho iko na Mungu."

Usiku simu ililia mara kumi na moja. Ujumbe ukaja: "Usiniaibishe mbele ya watu. Tukosane kimya kimya." Hakujibu.

Jumapili kanisa lilijaa, kwa maana wengi walitaka kumwona yule wa redio. Nehemiah alikuwa amekuja, ameketi safu ya pili, akiamini labda mwanamke amelala na hasira imepoa. Mchungaji Wepukhulu akasoma majina yao mawili mara ya tatu, akauliza, kama ilivyo desturi, kama kuna mtu anayejua kizuizi.

Edinah akasimama kati ya akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Wengine wakacheka kidogo, wakidhani bibi harusi amechanganyikiwa.

"Mchungaji, kizuizi ni mimi."

Kicheko kikakatika.

"Ndugu huyu alichukua kazi ya marehemu mume wangu akaiita yake, na mimi nikamwamini, nikamtukana marehemu. Naomba jina langu litolewe kwenye karatasi hiyo. Na naomba msamaha kwa mliochanga."

Aliketi. Nehemiah alitoka kwa mlango wa kando, kichwa chini.

Usifikiri watu walimsifu. Jumatatu nzima wateja wawili tu walikuja. Walisema hapo sokoni kwamba mjane amekataa mume mzima kwa sababu ya mstari mmoja. Hata Jentrix alimwambia, "Dada, ungefunga macho. Baridi ya mwezi wa saba huijui?" Edinah akasema anaijua.

Jumanne alimpigia Mama Nabwile.

"Mama, naweza kuja?"

"Si nilikwambia mlango haujafungwa?"

Walikaa nyuma ya nyumba kule Bumula, wakang'oa magugu juu ya kaburi la Wakoli na lile dogo lililo kando yake. Edinah alimweleza yote. Mama hakumlaumu wala hakumfariji. Alipomaliza kusikiliza alisema tu magugu ya upande ule yana miiba, aangalie.

Redio ya jirani ikaanza kuimba ng'ambo ya ua. "Nipime Tena", sauti ya Nehemiah.

Mama Nabwile akasimamisha jembe.

"Huyu anaimba kumliko mwanangu," alisema.

"Ndiyo, Mama. Anamshinda."

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Ulipofika wa tatu, kabla mabega hayajatajwa, Edinah akaimba mwenyewe kwa sauti yake ya kukwaruza, juu ya ile ya redio:

"Nipime tena, mama, lakini acha pindo kubwa,
kuna mtu wa kukua nyumbani."

Mama akamgeukia. "Hayo maneno sijawahi kuyasikia. Ni ya wimbo gani?"

Edinah akaweka kiganja juu ya kaburi dogo.

"Ni huu huu, Mama," alisema. "Hapa alikuwa anamwimbia huyu."