Paka wa Kuazima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pin-yu aliwasaidia wazazi wake kwenye kibanda chao cha supu ya nyama mjini Tainan. Kazi yake ilikuwa kukata tangawizi nyembamba kama nyuzi na kuipanga kwenye visahani. Wateja walipopungua, msichana huyo wa miaka kumi na miwili alifuta mikono, akatoa daftari na kuchora chochote kilichopita mbele yake, mpaka mama yake apige kelele: "We Pin-yu! Unaisubiri shule ije hapa kukuchukua?"

Mwezi huo shule ilitangaza soko la kazi za mikono. Kila mwanafunzi anayechora alitakiwa awe na nembo yake, alama ndogo ya kugonga nyuma ya kadi za michoro atakazouza, ili anayeiona ajue mara moja kazi ni ya nani. Mwalimu Chiu, aliyefundisha sanaa, aliahidi kwamba nembo itakayopendeza kuliko zote ataichora kwenye bango la langoni.

Pin-yu alijaribu jina lake, akajaribu ua, akajaribu mwezi. Yote yalipendeza, lakini hayakusema kitu. Siku zilipobaki tano, alikumbuka nembo ya mchoraji mmoja wa mji wa Taichung ambaye kazi zake alizipenda sana mtandaoni: paka aliyejikunja kama duara. Akamchora paka huyo, akamgeuza upande na kumwongezea sharubu. Akamchonga kwenye kifutio kikubwa, akakichovya kwenye wino mwekundu, akagonga kadi arobaini.

"Hodari!" alisema Mwalimu Chiu. "Mistari imetulia kama ya mtu mzima. Huyu ndiye atakayekaa langoni."

Darasa likapiga makofi. Pin-yu alitabasamu, lakini uso ulimwia mzito.

Baada ya kipindi, Zhe-wei, rafiki yake wa dawati moja, alimvuta pembeni na kumwonyesha chupa yake ya maji. Ubavuni palikuwa na stika ya paka yule yule.

"Hii alinipa dada yangu. Huyu na paka wako si mapacha?"

"Wangu ana sharubu."

"Aka! Basi na mimi nikivaa miwani, nimekuwa Mwalimu Chiu?"

Pin-yu alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Utanisemea kwa Mwalimu?"

"Sikusemei. Lakini watakaopita langoni wana macho."

Alasiri hiyo Pin-yu hakugusa chakula. Mama yake alipomuuliza mara ya tatu, alieleza yote. Mama hakumgombeza. Alisema tu, "Lete madaftari yako."

Kibanda kilikuwa kimefungwa, basi waliyatandaza madaftari juu ya meza zote. Mama alipita taratibu, huku akifunua kurasa.

"Mwanangu, mbona tembo huyu amekalia kigoda?"

"Alikuwa amechoka."

"Na huyu mbwa? Na hawa samaki, jamani?"

Pin-yu alitazama kwa mshangao. Karibu kila mchoro ulikuwa na kigoda kimoja chekundu cha plastiki, kama vile vya kibandani kwao.

"Nani alikutuma uvichore?" mama aliuliza.

"Hakuna. Naona tu mchoro haujaisha mpaka mtu apate pa kukaa."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe: hiyo ndiyo ilikuwa nembo yake. Kisha akachukua penseli. Kigoda cha kwanza kilijaa mistari. Mama alikitazama kutoka mlangoni akauliza kama ni kofia. Pin-yu akafuta mistari, akafuta tena, mpaka vikabaki kikalio chenye tundu na miguu miwili iliyotanuka.

"Hicho nakiona hata bila miwani," mama alisema. "Sasa limebaki la mwalimu. Huko siendi mimi. Mdomo ni wako."

Asubuhi Pin-yu alimkuta Mwalimu Chiu uani, brashi mkononi. Paka alikuwa ameshachorwa nusu kwenye bango.

"Mwalimu, huyo paka si wangu. Nilimwiga kwa mchoraji mmoja wa Taichung. Naomba unisamehe."

Mwalimu alimpa brashi nyingine na kopo la rangi nyeupe. Wakampaka paka pamoja mpaka akatoweka.

"Bango nitampa mwenzako," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu." Ilimuuma, lakini hakubisha.

Siku mbili zilizofuata alichonga kigoda kwenye kifutio kingine, akabandika karatasi nyuma ya kila kadi na kuigonga upya. Siku ya soko, nembo ya mwavuli ya mwanafunzi mwingine ilipamba bango la langoni. Bibi mmoja alichukua kadi ya tembo, akaigeuza, akacheka. "Hiki kigoda! Wewe si mtoto wa pale kwenye supu?"

Mwalimu Chiu, aliyekuwa amesimama karibu, alimsubiri bibi aondoke.

"Umesikia? Ungebaki na yule paka, sifa zako zote zingekwenda Taichung, na wewe ungeishi kwa hofu ya kugunduliwa. Kuvutiwa na kazi ya mwingine si kosa, ndivyo tunavyojifunza. Lakini alama ya mtu haiazimwi. Itafute katika yale unayoyafanya bila kutumwa. Na ukipotea njia, sema mapema, kama ulivyosema."