Vidonge vya Wifi

Vumilia, mama wa Nelly, na wifi yake Klara waliponda mawe ya dhahabu pamoja, nje kidogo ya mji wa Geita. Waligawana chumvi, wakagawana sabuni. Kwa miezi miwili wakagawana hata vidonge vya uzazi wa mpango. Vumilia alivipata zahanati. Klara hakutaka foleni.

Asubuhi moja Klara alishindwa kukanyaga. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na kuwaka moto.

"Ni haya mawe, wifi. Tunakaa chini kutwa," Klara alisema.

Vumilia akachemsha maji, akamkanda kwa nguvu na kwa upendo wote. Mara Klara akashika kifua.

"Mayo wee! Siwezi kupumua!"

Bodaboda ikawakimbiza zahanati. Muuguzi Generosa aliposikia habari ya kukanda, alishtuka.

"Mmekanda? Jamani! Huenda damu imeganda mguuni. Bonge likihamia mapafuni, linaua! Anatumia dawa gani?"

"Vidonge vyangu," Vumilia alijibu.

"Vyako? Wewe nilikupima presha, nikakuuliza maswali. Huyu aliulizwa na nani?" Akamgeukia Klara. "Mguu uliwahi kuvimba hivi?"

"Nilipojifungua Magesa. Hospitali walisema damu iliganda."

"Basi vidonge hivi vyenye homoni mbili havikufai hata siku moja!"

Vumilia akapigwa na butwaa. Kumbe alikuwa akimuua wifi yake, kidonge kimoja kila siku, na mwenyewe akijiona mwema!

Gari la wagonjwa likampeleka Klara hospitali. Alilazwa siku tisa, akatibiwa, akapona. Baadaye akachagua kitanzi cha shaba, kisicho na homoni. Vumilia aliendelea na vidonge, maana yeye vilimfaa.

Juzi jirani yao Dorah akamwomba vidonge.

"Sigawi tena, Dorah. Twende ukapimwe."

"Nipimwe nini, Mama Nelly? Mimi mzima. Si unaniona ninavyoponda mawe?"

Vumilia akamshika mkono hadi zahanati. Generosa akampima presha. Akasubiri, akapima tena. Mia moja na sabini kwa mia moja na kumi, juu mno.

Dorah akatoa macho. "Mbona siumwi popote?"

"Presha haipigi hodi. Vidonge hivi vingeweza kukuletea kiharusi ukapooza," Generosa alisema. "Kaa. Tunaanza na presha, kisha tutachagua njia inayokufaa."

Dorah akakaa. Vumilia naye akakaa kando yake.