Tumbili wa Shimo la Kumi na Saba

Kila alfajiri, baada ya sala, Ummi alichukua ufagio wa chelewa akafagia uwanja wa nyumba yao pale Mwabungo. Na kila alfajiri kaka yake Swabir alisimama katikati ya uwanja huo huo akiwa na fimbo ya chuma, akapiga mpira ambao haukuwapo. Fimbo ilipanda juu ya bega, ikashuka ikachapa nyasi, ikapanda tena. Majani aliyoyakusanya Ummi yalitawanyika upya.

"Kaka Swabir, nipishe nifagie!"

"Mapigo kumi tu, Ummi."

"Hata jana ulisema kumi. Na ulipokwenda Nakuru ulisema utashinda."

Swabir alicheka, akasogea hatua moja. Ndivyo alivyokuwa. Ukimsema anacheka, na hilo lilimkera Ummi kuliko kitu chochote, kwa sababu mtu asiyekasirika huwezi kumsema ukaridhika.

Swabir alikuwa mchezaji gofu wa kulipwa. Neno hilo "kulipwa" Ummi alilitamka akibinua mdomo. Mwaka ule wote, duru baada ya duru, kaka yake alipanda basi la usiku kwenda bara kushindana na wenziwe wa nchi nzima, na mwaka ule wote alirudi na kila kitu isipokuwa ushindi. Kutoka Nyeri alileta mafua. Kutoka Nakuru alileta gunia la viazi. Kutoka Eldoret alileta kibuyu cha maziwa ambayo hata paka aliyanusa akaondoka zake. Katika kila duru, walioachwa nyuma baada ya siku ya pili walichujwa, wakafungasha fimbo zao wakarudi makwao. Katika kufungasha, Swabir alikuwa bingwa.

"Mtu mzima mwenye ndevu anakesha safarini kwenda kufukuza kijipira!" Ummi aliwaambia wenzake shuleni. "Kuku wetu hufukuza panzi, lakini yeye angalau humpata."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Ummi ndiye aliyembandika kaka yake jina la Mchapa Nyasi. Aliona ni heri acheke yeye wa kwanza kabla hajachekwa. Upumbavu mtupu! Jina lilifika sokoni Ukunda, likarudi mpaka mlangoni kwao. Nassir, mvulana wa darasa lao ambaye hata katika kandanda alipenda kuwa golikipa ili asikimbie, sasa alimwita Ummi "dada wa Mchapa Nyasi" mbele ya kila mtu.

Mama yao, aliyeuza mahamri na mbaazi kando ya barabara, hakumcheka Swabir. Alisema mara moja tu, huku akikanda unga.

"Mwanangu, duru ya mwisho inachezwa hapa petu, Diani. Ukimaliza msimu ndani ya wale thelathini wanaobakishwa kwa mwaka ujao, endelea na mchezo wako. Ukikosa, mjomba wako ana duka la saruji Msambweni, naye anatafuta mtu."

"Sawa, Mama," alijibu Swabir. Mara hii hakucheka.

Ummi aliona ni uamuzi mzuri. Saruji angalau hujenga nyumba.

Siku ya mwisho ya duru ya Diani, Ummi alikwenda uwanjani. Hakwenda kumshangilia mtu. Alikwenda kwa kuwa Nassir naye alikuwa akienda, na hakutaka Nassir arudi shuleni na habari ambazo yeye hakuziona. Alipofika, alishangaa jinsi watu wazima wanavyoweza kujifanya wajinga kwa hiari yao. Walinong'ona kama waliokuja matangani. Mchezaji mmoja alikuwa amejipaka mafuta ya kukinga jua mpaka akafanana na andazi lililomwagikiwa unga.

Kitu kimoja tu kilimfurahisha. Kwenye shimo la tisa, tumbili aliruka kutoka mtini, akaunyakua mpira wa Johnstone, mchezaji wa kutoka bara aliyekuwa akicheza pamoja na Swabir, akakimbia nao. Mwamuzi, Bwana Gedion, hakutikisika.

"Mnyama akiuhamisha mpira uliokwisha kutulia, unawekwa mwingine pale pale," alisema. "Hakuna adhabu."

"Sawa, ref," alisema Johnstone, "lakini hiyo tumbili nayo isajiliwe basi. Inacheza poa kuniliko."

Hata Ummi alicheka. Lakini kadiri mashimo yalivyopita, kicheko kilimkauka, kwa maana lilitokea jambo ambalo hakulitarajia: Swabir alikuwa akicheza vizuri. Hakukurupuka, hakuchoka, alipiga kama alivyokuwa akipiga uwanjani kwao kila alfajiri. Walipofika shimo la kumi na saba, ubao wa majina ulimwonyesha ndani ya wale thelathini, kwa pigo moja tu. Ummi aliutazama ubao, akamtazama Nassir, akajikuta anaomba dua kimyakimya.

Swabir akapiga. Mpira ulikwenda upande wa kulia, ukagonga mnazi, ukabingirika juu ya nyasi na kuingia kichakani. Ummi ndiye aliyekuwa karibu. Alikimbia akauona umekwama katikati ya mizizi, mahali ambapo hata panya angepita kwa shida. Juu ya mti, tumbili alikuwa akijikuna.

Ummi alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri katika mtihani wowote.

"Tumbili!" alipiga kelele. "Mpira ulikuwa umetulia hapa kwenye nyasi, tumbili akauchukua akautupa kichakani!"

Bwana Gedion alifika akihema. "Umeona kwa macho yako, binti?"

"Naam. Kwa macho yangu haya mawili."

Mwamuzi alimgeukia Swabir. "Huyu ni nani yako?"

"Ni mdogo wangu," alisema Swabir. "Nakuelewa, Bwana Gedion, utasema ananipendelea. Lakini huyu amenisema mwaka mzima. Jina la Mchapa Nyasi alinipa yeye. Hata siku moja hajaniambia jambo la kunifurahisha ambalo si kweli. Sina haja ya kumwapisha."

Johnstone aliinua mabega kuonyesha hana kinyongo. Mwamuzi akakubali. Swabir aliutoa mpira mizizini, akauweka kwenye nyasi safi pale alipoonyesha Ummi, akachagua fimbo. 

Ummi alihisi masikio yakimwaka moto. Ulimi wake ule ule, aliokuwa akimchomea kaka yake kila siku, ndio uliomfanya aaminiwe. Angalikuwa dada mpole mwenye kusifu, nani angalimsikiliza? Swabir aliinua fimbo.

"Usipige!" alisema Ummi, kwa sauti kubwa iliyosikika mpaka kwenye shimo la pili. "Ni uongo. Tumbili hakugusa kitu. Mpira uliingia kichakani wenyewe."

 Nassir, mwenye glasi ya sharubati ya ukwaju mkononi, alitoa macho kama aliyepewa zawadi ya Idi. Swabir aliishusha fimbo polepole.  Aliuokota mpira, akamwomba radhi mwamuzi, akasimama kando huku Bwana Gedion akihakikisha umerudishwa palepale mizizini. Kisha akapiga magoti, akautoa kichakani kwa pigo dogo la ubavuni. Pigo hilo moja la ziada ndilo lililompotezea nafasi. Msimu ulipofungwa, jina lake lilikuwa la kwanza chini ya mstari wa wale thelathini.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Ummi alilia njia nzima, na Swabir alimwacha alie mpaka walipokaribia kwao.

"Nilitaka ubaki, kaka," alisema Ummi. "Nilitaka kukusaidia."

"Sikiliza, Ummi. Mwaka mzima umenicheka, na sikuona kuwa unanidharau. Ulinicheka usoni pangu, nami nilikuwa nashindwa kweli. Leo, ulipomsingizia tumbili, ndipo uliponidharau. Uliamua moyoni mwako kwamba Swabir hawezi ila kwa kubebwa."

Ummi alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, wakaingia ndani. 

Mama alisikiliza habari yote bila kuacha kukuna nazi. Ummi alipiga magoti mbele yake. "Mama, nakuomba, usimpeleke kwa mjomba. Kosa ni langu."

"Kosa la pigo la mnazi si lako, usijipe ukubwa," alisema Mama. "La uongo ndilo lako. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ulianza kwa kumcheka ndugu yako ili wengine wakusifu, ukaishia kumdanganya mwamuzi kwa sababu hiyo hiyo. Ulichoogopa siku zote ni vicheko vya Nassir. Mtu akiogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kusema uongo, huyo atapotea hata kwenye njia ya kwao." Alipangusa mikono yake. "Lakini ulisema kweli kabla fimbo haijashuka, na ulisema mbele ya Nassir huyo huyo. Hilo nimelihesabu."

Kisha akamgeukia Swabir. "Mjomba wako anatafuta mtu wa kuachiwa duka bila kuchungwa. Leo nimejua mtu huyo ninaye mimi, kwa hivyo simpi ng'o. Mchujo wa kuingia msimu mpya ni lini?"

"Januari, Mama. Thika."

"Utakwenda. Na usiniletee viazi."

Shuleni Nassir alisimulia habari ya tumbili kwa juma zima, akiongeza chumvi kila siku, na Ummi alipoulizwa alijibu, "Ndiyo, nilidanganya, kisha nikasema kweli." Baada ya juma hilo habari hiyo haikuwa na utamu tena.

Alfajiri moja alitoka na ufagio wake, akamkuta Swabir amekwisha kusimama katikati ya uwanja.

"Mapigo kumi tu, Ummi."

"Piga hamsini," alisema Ummi. "Nitafagia baadaye."

Swabir alishangaa hata akaukosa mpira usiokuwapo.