Zamzam Mbele ya Kamera

Kila asubuhi dada yangu Zamzam alitoka nyumbani kabla yetu. Mama alimpa mahamri mawili yakiwa bado moto, naye akashika njia ya shule huku kisigino chake cha kulia kikining'inia bila kugusa udongo. Sisi wengine tulimaliza chai, tukamfikia kwenye kinu cha kusagia mahindi. Miaka ile ya tisini mji wetu wa Machakos ulikuwa mdogo, na karibu kila mtu njiani alitujua kwa majina. Naikumbuka njia ile kwa hamu kubwa.

Homa kali ya utotoni ndiyo iliyomkaza Zamzam misuli ya mguu. Alipofika darasa la sita, alianza kuanguka mara kwa mara, na Mama akaogopa kwamba siku moja angevunjika.

Ndipo Bwana Maundu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye kliniki, akatuambia ameazima kamera ya video kutoka Nairobi kwa siku moja tu. Angewapiga watoto picha wakitembea, aone mguu unavyokwenda, kisha aamue matibabu.

Sasa, kwetu sisi kamera ya video ilikuwa ya harusi. Basi Zamzam akapakwa wanja, akavaa gauni la manjano la harusi ya shangazi, akajifunza kutembea kama bibi harusi: polepole, kisigino chini, meno yameumana. Mpiga video wake nilikuwa mimi, mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo begani kama kamera.

Kule kliniki, Mama alilikunja lile gauni hadi juu ya magoti, akalifunga kwa leso. Bwana Maundu akabandika vibandiko vyeupe kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu.

"Tembea tu vile unatembeanga," alimwambia.

Zamzam akatembea kibibi harusi.

Bwana Maundu aliicheza kanda kwenye televisheni, akaisimamisha, akaweka karatasi ya plastiki juu ya kioo na kuunganisha vile vibandiko kwa kalamu. Kisha akatoa kipimapembe, kama chetu cha shuleni, akapima pembe ya goti. Mimi nilijaa fahari, maana dada yangu alipendeza kweli.

"Mama Zamzam, goti liko sawa na kisigino kinafika chini," alisema. "Mazoezi ya nyumbani yanatosha. Sioni haja ya kumtengenezea kifaa cha kushika mguu."

"Na kule kuanguka?" Mama aliuliza.

"Labda ni haraka tu ya watoto."

Zamzam aliitazama ile picha yake nzuri, na uso ukamshuka.

"Daktari, mimi sitembei hivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Nikitembea hivyo mguu unauma. Siwezi kufika hata kwa kinu."

Bwana Maundu hakumkaripia. Alichukua kamera tena. "Haya, nionyeshe vile iko kweli."

Safari hii kisigino kilining'inia, goti likapinda ndani, na mwisho wa ukumbi akajikwaa, Mama akamdaka. Picha ilipochezwa, Zamzam alijifunika uso kwa viganja, kisha akaviondoa akatazama hadi mwisho. Mimi nililia. Mstari uliochorwa sasa haukufanana hata kidogo na ule wa kwanza.

Mwezi uliofuata kifaa chepesi cha plastiki kilikuwa tayari. Zamzam alipokivaa na kusimama, kisigino chake kiligusa sakafu bila yeye kuuma meno, na Mama akashindwa kuyazuia machozi.

"Daktari, ulinikasirikia siku ile?" Zamzam aliuliza.

"Hapana," Bwana Maundu alijibu, akimkaza mikanda. "Niliogopa. Kamera haisemi uongo, lakini inaona tu kile umeipa. Ungenyamaza, ningetibu mguu wa yule bibi harusi. Na huu wako, mwanangu, nani angeutibu?"